Dhahabu ya Majini: Kwa Nini Hata Hadithini Haigawiwi Bure

Tangu bei ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia moja mwezi Oktoba 2025, mazungumzo ya dhahabu yamerudi kwa nguvu kwenye mabaraza ya Tanga. Huyu anataja mkufu wa mkewe, yule anataja machimbo ya Handeni, na haupiti muda mrefu kabla mtu hajaleta habari ya majini. Kwa mji huu si ajabu. Vijana wa Ngamiani na Makorora wamekua wakisimuliwa habari za jini mlinzi wa hazina, na siku hizi hadithi hizo zinasomwa kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikikatizwa pale pale mlango wa pango unapofunguka. Halafu linazuka swali, tena swali zuri: kama jini anaweza kumwaga dhahabu kwa kupiga kofi moja, kwa nini katika ulimwengu huo huo dhahabu bado ni ghali? Kwa nini sultani bado anatoza kodi? Kwa nini mchawi anayeogopwa na nchi nzima analala kwenye kibanda cha makuti?

Wapo wanaojibu kwamba hadithi ni hadithi, isihojiwe. Mimi sikubali. Hadithi ya kichawi inayosimama ina kanuni zake kama ilivyo kwa bao: ukiziondoa, hakuna tena mchezo. Kanuni inayohusu dhahabu ndiyo nzito kuliko zote, na kutoielewa kumewaletea watu hasara ya kweli, mbali kabisa na hadithi. Wapo waliouza viwanja kwa sababu ya dhahabu ambayo hata jini wa kubuniwa asingeweza kuitoa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Nikisema ulimwengu wa hadithi, nina maana ya ule anaoubuni msimulizi. Majini wametajwa katika Qur'ani, na imani ya mtu juu yao siigusi hapa. Hazina ni mali iliyowekwa na kutunzwa, na mwenyewe anajulikana. Dafina ni mali iliyozikwa, na mara nyingi aliyeizika hayupo tena. Kiinimacho ni kumfanya mtu aone kisichokuwepo. Na pesa ni kitu chochote ambacho watu wengi wamekubali kukipokea kwa sababu wana hakika kwamba na wenzao watakipokea. Hilo la mwisho lishike vizuri, maana ndiko tunakokwenda.

Kabla jini hajaingia, tuitazame dhahabu yenyewe. Dhahabu haishiki kutu. Chuma ukikitupa ufukweni Raskazone, haichukui muda kikaanza kubanduka magamba mekundu. Fedha husawijika, shaba huota ukungu wa kijani. Pete ya dhahabu ikizama leo na kuopolewa na vitukuu, inatoka vile vile ilivyozama. Msimulizi anayetaka sanduku lililolala chini ya bahari miaka elfu moja lifunguliwe na bado ling'are hana madini mengine yanayomfaa hivyo. Tena dhahabu ni laini, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064, kiwango ambacho fundi wa kale alikifikia kwa mkaa na mivukuto. Kwa hiyo tangu zamani watu wameweza kuifua, kuiyeyusha na kuigawa bila kuiharibu, jambo usiloweza kumfanyia ng'ombe wala lulu.

Uzito wake ndio unaowashinda wasimulizi wengi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya dhahabu ni kilo 19.3. Ile ndoo ya lita 20 ya kuchotea maji, ukiijaza dhahabu tupu, inafika kilo 386. Hata zikiwa ni sarafu, zenye nafasi katikati, bado hakuna kijana wa kuinyanyua peke yake, sembuse kukimbia nayo begani huku jini yuko nyuma yake. Msimulizi makini humpa punda, au humwacha atoke na sarafu chache tu kwenye kikunjo cha msuli. Msikilizaji anaweza asiujue uzito huo kwa hesabu, lakini mama aliyewahi kuvaa bangili za karati 21 mkono mzima siku ya arusi anaujua kwa mkono wake.

Na dhahabu ni chache. Yote iliyochimbwa duniani tangu binadamu aanze kuchimba ni zaidi kidogo ya tani 200,000. Ukiiyeyusha yote ukaimimina pamoja, unapata mchemraba wenye mita 22 hivi kila upande. Hiyo ni kazi ya mafarao, masultani, wareno, Geita, Johannesburg na kila mchimbaji mdogo aliyewahi kushuka duarani, na yote inaenea kwenye kiwanja kimoja.

Sasa mwingize mchawi. Tuseme yuko mtu barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, anayeweza kugeuza machicha ya nazi kuwa dhahabu. Wiki ya kwanza ni siri yake. Anakwenda kwa sonara, anauza kidogo, ananunua nyumba, anamwoza binti yake kwa fahari. Dhahabu yake ina thamani kwa sababu watu wanadhani ni sawa na nyingine, yaani ilipatikana kwa jasho. Siri ikivuja, mambo yanageuka. Kila mtu Tanga anayajua machungwa ya Muheza: msimu ukikolea yanamwagwa kando ya barabara kwa bei isiyolipa hata gunia, na mkulima anaona heri yaozee shambani kuliko kukodi gari. Chungwa halijapungua utamu wala maji. Limekuwa jingi tu. Dhahabu ya machicha inafuata njia hiyo hiyo, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu chungwa angalau linaliwa.

Tazama kisichobadilika. Mchawi ameongeza dhahabu, lakini hajaongeza samaki hata mmoja kwenye soko la Deep Sea, wala debe moja la mahindi kutoka Korogwe. Vitu ni vile vile, dhahabu imefurika, kwa hiyo kila kitu kinadai dhahabu nyingi zaidi. Mvuvi anaanza kuikataa. Anasema, nipe kitu ambacho yule bwana wa barabara ya kumi na mbili hakiwezi kukitengeneza. Labda chumvi, labda kanga, labda siku ya kazi. Hapo ndipo kanuni inapojitokeza yenyewe: katika ulimwengu wowote wa kichawi, kinachofaa kuwa pesa ni kile ambacho uchawi hauwezi kukiumba. Msimulizi akitaka sarafu za dhahabu zitembee sokoni katika nchi yake ya kubuni, lazima kwanza awafunge wachawi wake mikono. Asipofanya hivyo, amejenga soko ambalo lingekufa kabla ya jua kutua.

Tusidhani hii ni nadharia. Mwaka 1324 Mansa Musa, mtawala wa Mali, alipita Cairo akienda Makka kuhiji. Alikuja na dhahabu nyingi sana na akaitoa kwa ukarimu mkubwa: zawadi kwa maamiri, sadaka, manunuzi. Hakuna uchawi hapo, ni mtu mwenye migodi na moyo mpana. Mwandishi al-Umari, aliyefika Cairo baadaye, alisimuliwa na wenyeji kwamba kabla ya msafara ule mithkali moja ya dhahabu, kipimo cha uzito cha zamani, ilikuwa haishuki chini ya sarafu 25 za fedha zilizoitwa dirhamu, na baada yake ikashuka mpaka 22 na chini ya hapo, na hali ikabaki hivyo kwa miaka ipatayo 12. Mtu mmoja, msafara mmoja, na bei ya mji mkubwa ikayumba miaka yote hiyo. Sasa fikiria jini asiyeishiwa.

Aliyeieleza kanuni hii kwa uwazi kuliko wote alikuwa Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis, katika kitabu chake cha Mukadima cha mwaka 1377. Wakati wake walikuwapo watu waliojishughulisha na alkemia, elimu ya kutaka kugeuza risasi au shaba kuwa dhahabu. Ibn Khaldun aliwakatalia kwa hoja nyingi, na mojawapo ni hii hii yetu: kwamba hekima ya Mwenyezi Mungu katika kufanya dhahabu na fedha ziwe chache ni kwamba hizo mbili ndizo kipimo cha mapato na akiba za watu, na lau zingeweza kutengenezwa kwa ufundi, zingezagaa mpaka zisimfaidie yeyote. Ni zaidi ya miaka 600 sasa, na sijaona hoja iliyo safi kuliko hiyo.

Basi wasimulizi wa pwani wamefanyaje? Wamefanya vizuri, na ningependa vijana wanaoandika hadithi za kwenye simu waliangalie hili. Ukizisikiliza kwa makini hadithi za wazee, ni nadra sana kukuta jini anaiumba dhahabu. Anaihamisha, na hiyo ndiyo njia yao ya kwanza. Iliyotokea chumbani kwa maskini imetoweka mahali pengine: kwa tajiri dhalimu, kwa merikebu iliyozama, kwa mfalme aliyekufa bila mrithi. Hata imani inayozungumzwa sana madukani kwetu, ile ya chuma ulete, imejengwa juu ya kanuni hiyo. Mwenye duka anayelalamika kwamba jioni hesabu haikai sawa, kwamba noti iliyoingia imeondoka na wenzake, hasemi kuna mtu anaumba pesa. Anasema zake zimekwenda kwa mwingine. Sisemi chuma ulete ipo. Nasema kwamba hata katika imani hiyo jumla ya pesa mtaani ni ile ile, na kila anayepata bila jasho yuko mwenzake aliyepungukiwa.

Njia ya pili ni kiinimacho. Mtu anapokea kikapu cha dhahabu usiku, akiamka alfajiri anakuta makaa au majani makavu. Wengi husoma hapo fundisho juu ya tamaa, nalo limo. Lakini msimulizi amefanya na kazi nyingine ya lazima: ameliokoa soko la hadithi yake. Dhahabu ya bure imeondolewa kabla haijafika kwa sonara.

Ya tatu ndiyo niipendayo zaidi, nayo ni sharti. Usigeuke nyuma. Usimwambie mtu. Usichukue zaidi ya konzi moja. Kila Ijumaa choma ubani mahali fulani mpaka ufe. Sharti ni bei. Jini wa hadithi hauzi kwa shilingi, lakini hatoi bure: anapokea uhuru wako, usingizi wako, au siri itakayokaa kati yako na mkeo maisha yote. Ukilitazama hivyo, utaona kwamba dhahabu ya jini ni ghali kuliko ya dukani. Ndiyo maana mchawi mkubwa analala kwenye makuti. Yeye anaijua bei kwa sababu amewaona walioilipa.

Hapa kuna jambo linalochanganya wengi, na mimi lilinisumbua kwa muda. Kwenye ngoma za kupunga pepo za pwani, jini aliyempanda mtu hudai vitu: pete, marashi, halua, kitambaa cha rangi fulani. Vijana huuliza, jini mwenye mapango ya dhahabu anataka pete moja ya nini? Jibu ni kwamba dhahabu ina kazi mbili, na tumezoea kuiona moja tu. Kazi ya kwanza ni pesa, nayo inahitaji soko zima likubaliane. Ya pili ni ahadi, nayo inahitaji watu wawili tu. Mahari ni ahadi. Pete ya uchumba ni ahadi. Kidani anachokitoa bibi sandukuni na kumvisha mjukuu wake ni ahadi, na ndiyo maana ukimwambia akiuze kwa kuwa bei imepanda, anakutazama kama umetukana. Majini wa hadithini hawana sokoni pa kwenda, kwa hiyo kwao dhahabu haiwezi kuwa pesa hata wakiwa nayo milima. Inabaki ahadi tu. Pete moja iliyotolewa kwa heshima ina uzito mbele ya jini kuliko pango zima ambalo hakupewa na mtu. Msimulizi akilielewa hili, hadithi yake inabadilika kabisa, kwa sababu swali linaacha kuwa "zipo ngapi?" na linakuwa "nani alimpa nani, kwa makubaliano gani?"

Mpaka hapo tuko hadithini. Taabu inaanza pale kanuni za hadithi zinapotolewa nje nusu nusu: watu wanachukua jini na dhahabu yake, wanaacha nyuma bei na mwenyewe.

Mfano mkubwa kwetu ni dhahabu ya Mjerumani, mkoloni aliyeitawala nchi hii zamani. Kila kona ya mkoa ina mahali inaposemekana imezikwa: chini ya mbuyu, kwenye msingi wa boma, milimani Usambara, na zaidi ya kote kwenye Mapango ya Amboni. Amboni ni mahali pa heshima, watu wamekuwa wakipeleka nadhiri huko tangu enzi za mababu, na giza lake linamtosha msimulizi yeyote. Lakini ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, si miamba ya dhahabu. Dhahabu ya mkoa wa Tanga ipo upande wa Handeni na Kilindi, na wanaoitafuta wanasaga mawe kwenye karasha na kuoshea kwenye mwalo, wakipata gramu chache kwa mawe mengi.

Na je, Mjerumani alikuwa na dhahabu ya kuficha? Hapa historia inasema waziwazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba bahari. Sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya kikoloni ikaanza kuchapa noti za dharura humu humu nchini, na kufikia 1917, majeshi yakiwa yanarudi nyuma kuelekea kusini, nyingine zilipigwa kwa mihuri ya mpira kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Serikali yenye mapango ya dhahabu haihangaiki kupiga mihuri kwenye karatasi.

Dhahabu kidogo ilikuwapo, na ndiyo imezaa uvumi wote. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida. Upande mmoja zina tembo amepandisha mkonga na milima nyuma yake. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na ushee, na robo tatu yake ndiyo dhahabu, yaani karati 18 kwa lugha ya sonara. Zilipigwa zipatazo 16,000. Piga hesabu: zote kwa pamoja ni kama kilo 116. Ukiziyeyusha zote, hazijazi hata nusu ya ile ndoo ya lita 20 tuliyoitaja. Hiyo ndiyo "dhahabu ya Mjerumani" yote iliyopigwa sarafu hapa nchini, na sehemu yake imo kwenye makabati ya wakusanyaji Ulaya na Marekani. Rupia za kawaida, zile zenye sura ya Kaisari, zilikuwa za fedha.

Wakati huo huo, karakana ile ile ilipiga sarafu nyingine nyingi zaidi, za heller 20 (heller ilikuwa pesa ndogo ya rupia), kwa shaba ya njano iliyotoka kwenye maganda ya mizinga. Hizi ndizo zinazoibuka mashambani mpaka leo, na ndizo zinazowatia watu wazimu kwa rangi yake. Mzee mmoja mvuvi wa Sahare alinionyesha yake, ameifunga kwenye leso ndani ya mkebe wa chai. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha, akaifungua taratibu. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hili kwa Kijerumani) na mwaka 1916. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Ukingo wake haukukaa sawa, kama kitu kilichopigwa kwa haraka. "Mwanangu," akaniambia, "mtu amenitajia milioni nyingi kwa hii. Anasema ina jini."

Tukaipeleka kwa sonara wa mjini. Sonara hakuitazama sana. Aliisugua ukingoni kwenye jiwe lake jeusi, ikaacha mstari wa njano; pembeni yake akasugua kipande cha dhahabu ya karati 18, kikaacha mstari unaofanana. Kisha akadondosha tone la tindikali kwenye mistari yote miwili. Wa sarafu ulichemka kidogo, ukageuka kijani, ukafutika. Wa dhahabu ulibaki. Mzee aliuliza kama anaweza kurudia, sonara akarudia bila kunung'unika, matokeo yakawa yale yale.

Kipimo kingine hakihitaji tindikali. Pima kitu kwa mizani ya dukani, halafu kitumbukize kwenye maji na upime maji yaliyopanda. Gawanya gramu za uzito kwa mililita za maji hayo. Dhahabu safi inakupa 19.3, fedha 10.5, shaba ya njano kama 8.5 hivi. Kwa sarafu moja ndogo si rahisi kupata jibu sahihi kabisa, ila tofauti kati ya 8 na 19 ni kubwa, na hakuna jini anayeweza kuingia katikati ya hesabu hiyo.

Aliyemtajia mzee mamilioni hakuwa mnunuzi. Mbinu yao inajulikana: anakuja wa kwanza kuisifu sarafu, anakuja wa pili kusema ina mlinzi na inahitaji kusafishwa, na usafishaji unalipiwa na mwenye sarafu. Ibn Khaldun aliwaeleza watu wa namna hii tangu zamani zake. Aliandika juu ya walaghai wa Misri na Maghrib waliotembea na karatasi zilizochakaa pembeni, zenye maandishi yasiyosomeka, wakidai ni ramani za dafina zilizofungwa kwa uchawi, wakiomba gharama za kuchimbia. Kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mtu aliulize akiletewa ramani ya Mjerumani: mtu aliyejitaabisha kuficha mali yake mpaka akaifunga kwa uchawi, kwa nini tena aache karatasi ya kumwelekeza mgeni?

Mfano wa pili ni wale wa kuzidisha pesa. Weka milioni moja kwenye kibuyu, jini ataifanya kumi. Umeshaiona kasoro. Anayeweza kufanya moja kuwa kumi hana haja na moja yako. Tena amevunja kanuni ya hadithi zenyewe, kwa kuwa jini wa hadithi haumbi, anahamisha, na pesa pekee inayohama siku hiyo ni yako.

Mfano wa tatu nautaja kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliwaahidi wateja wao utajiri, wakiwemo watafutaji wa dhahabu. Hapo kanuni ya bei ya hadithini ilitolewa nje na kuwekwa juu ya mwili wa mtoto wa jirani. Kafara ya hadithini inamwangukia yule aliyeitaka dhahabu, msimulizi wa zamani hakukosea hapo. Waliowaua wenzao waligeuza hata hadithi, wakamtwisha bei mtu asiyeomba kitu.

Linabaki swali la wanafunzi: mbona wanasayansi wanasemekana wametengeneza dhahabu? Ni kweli. Chembe ya risasi ina protoni 82 na ya dhahabu ina 79, kwa hiyo ukiiondolea risasi tatu umeipata dhahabu. Mwezi Mei 2025 watafiti wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe ndogo kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza kwamba mtambo wao ulifanya hivyo wakati chembe za risasi zilipopishana kwa kasi kubwa mno. Lakini katika majaribio ya mwaka 2015 hadi 2018, dhahabu yote waliyoipata ni kama kuigawa gramu moja vipande trilioni moja na kuchukua 29, na kila chembe ilidumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya kuvunjika. Umeme wa siku moja wa mtambo ule ungenunua dhahabu nyingi kuliko hiyo mara nyingi mno.

Kama umeokota sarafu ya zamani shambani, usiisugue kwa majivu wala limau, hata ikiwa nyeusi. Mkusanyaji huilipia ile rangi ya uzee, na sarafu iliyosuguliwa hupungua bei papo hapo. Ipime, ipige picha pande zote mbili, iandike ilipookotwa, kisha waulize watu wa makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani mjini Tanga. Ukisikia mtu anataka kuchimba kwenye magofu ya Tongoni au ndani ya Amboni, mjulishe kwamba hayo ni maeneo ya kale yanayolindwa na sheria, na kuchimba bila kibali ni kosa. Heller 20 ya mzee wa Sahare bado iko kwenye mkebe wake. Ina bei, kwa sababu wapo wanaokusanya sarafu za Tabora, ila ni bei ya shaba yenye historia, na mnunuzi wa kweli analipa yeye, haombi gharama za kumtoa jini.